Kielelezo cha ubongo na ugwe mgongo chenye taa: shajara ya mradi

Siku ya 1: lengo na vipimo

Tunatengeneza kielelezo cha ukubwa halisi cha ubongo na ugwe mgongo, pamoja na mguu mmoja wa kulia unaosogea, ili mwanafunzi aione ishara ikipanda kutoka kidoleni na amri ikishuka hadi kwenye msuli. Ugwe mgongo ni ule ugwe laini wa neva uliomo ndani ya mfereji wa uti wa mgongo. Uti wenyewe ni mifupa. Katika mazungumzo ya kawaida vyote viwili huitwa uti wa mgongo, na siku ya 6 mkanganyiko huo ulitugharimu kazi ya siku nzima.

Vipimo tunavyovifuata ni vya mtu mzima: ubongo urefu sm 17, upana sm 14, kimo sm 9, ugwe sm 45, unene wa takriban sm 1, na mahali pawili ulipovimba kidogo, shingoni na kiunoni, kwa sababu ndiko kwenye seli nyingi za kuendesha mikono na miguu. Jozi za neva zitokazo kwenye ugwe ni 31: shingo 8, kifua 12, kiuno 5, nyonga 5, kifandugu 1. Shingo ina jozi 8 ingawa pingili zake ni 7, maana neva ya kwanza hutoka juu ya pingili ya kwanza na ya nane hutoka chini ya pingili ya saba. Mchoro wowote unaoonyesha neva 7 za shingo una kosa.

Mchoro wetu wa kwanza wa umeme ulikuwa rahisi: kila kihisi kinatuma ishara ubongoni, ubongo unaamua, amri inarudi. Ugwe ulikuwa waya tu. Mchoro huo tumeuhifadhi, kwa sababu sehemu kubwa ya shajara hii ni habari ya jinsi ulivyobomoka.

Siku ya 3: umbo la ubongo

Umbo limefinyangwa kwa udongo, likafunikwa kwa silikoni ya kutengenezea kalibu, kisha tukamimina plasta. Hapa hakuna la kusimulia ila moja: tulimimina ubongo mzima kama kipande kimoja, na tukalazimika kuurudia. Eneo la ubongo linaloamuru mguu haliko upande wa nje. Ukanda wa mwendo huanzia karibu na sikio, ambako uso na ulimi vinaamriwa, hupanda kupitia eneo la mkono, kisha huingia kwenye ufa wa katikati unaotenganisha nusu mbili za ubongo. Mguu umo ndani ya ufa huo. Taa tuliyoiweka mahali pake sahihi haikuonekana kabisa.

Sasa ubongo ni nusu mbili zilizoshikwa kwa sumaku ndogo nne. Ukizifungua unaona taa ya mguu kwenye ukuta wa ndani wa nusu ya kushoto. Ya kushoto, kwa sababu mguu wetu ni wa kulia, na kila nusu ya ubongo huamuru mguu wa upande wa pili.

Siku ya 4: ubongo wa pili, wa jeli

Plasta inamdanganya mwanafunzi, maana ubongo hai ni laini mno. Tumeongeza ubongo wa kushika kwa mkono: gramu 6 za unga wa agari kwa kila lita 1 ya maji, chemsha mpaka agari iyeyuke yote na maji yawe maangavu, acha ipoe hadi nyuzi 50 hivi, mimina kwenye kalibu, iache igande. Ukimimina ikiwa bado inachemka, mapovu hunaswa kwenye mikunjo. Ukisubiri mpaka ikaribie nyuzi 40, huanza kuganda kwenye sufuria na jeli inatoka na mabonge.

Jeli hii haiwezi kusimama mezani. Hulegea, hutanuka, na mikunjo ya chini hupasuka kwa uzito wake yenyewe. Iweke kwenye beseni la maji nayo inarudi umbo lake. Hilo ndilo tulilotaka lionekane. Ubongo wa gramu 1,400 hivi, ukiwa ndani ya maji yanayouzunguka fuvuni, hukandamiza kwa uzito wa takriban gramu 50 tu. Maji hayo ni kama mililita 150 kwa wakati mmoja, na mwili hutengeneza karibu mililita 500 kwa siku, yaani yote hubadilishwa zaidi ya mara tatu kwa siku. Njia ya kutokea ikiziba hujikusanya, na kwa mtoto mchanga ambaye mifupa ya fuvu haijaungana, kichwa hukua kupita kiasi. Jeli itupwe baada ya siku 3 hata ikiwa kwenye friji, maana huota ukungu.

Siku ya 6: neva za goti zilikuwa mahali pasipo pake

Tulitoboa matundu ya neva kwenye ugwe kwa kufuata pingili: neva ya tatu na ya nne za kiuno, zinazohusika na goti, tukaziingiza mkabala na pingili ya tatu na ya nne za kiuno. Tatizo ni kwamba hapo hakuna ugwe. Kwa mtu mzima ugwe huishia kati ya pingili ya kwanza na ya pili ya kiuno. Kutoka hapo kwenda chini mfereji umejaa mizizi mirefu ya neva inayoning'inia pamoja, iitwayo mkia wa farasi.

Sababu ni ukuaji. Mimba ikiwa na miezi mitatu ugwe hujaza mfereji wote. Baadaye mifupa hukua haraka kuliko ugwe, hata mtoto anapozaliwa ncha yake imekwishapanda hadi karibu na pingili ya tatu ya kiuno. Neva zilizokwisha kushika matundu yao ya kutokea huvutwa zikawa ndefu. Kwa hiyo sehemu ya ugwe inayoshughulikia goti iko mkabala na pingili mbili za mwisho za kifua, na mizizi yake husafiri kwenda chini ndani ya mfereji kabla ya kutoka. Tumeziba matundu, tukatoboa mengine sm kadhaa juu zaidi, na mizizi tumeitengeneza kwa uzi wa pamba uliopakwa rangi.

Jambo hili lina maana kubwa kitabibu. Sindano ya kuchota maji ya uti wa mgongo huingizwa kati ya pingili ya tatu na ya nne za kiuno, au ya nne na ya tano, kwa sababu pale sindano hukuta nyuzi zinazosogea pembeni badala ya kuuchoma ugwe. Kielelezo chenye ugwe unaofika kwenye kifandugu kinamfundisha mtu jambo la hatari.

Siku ya 8: njia tatu, na mahali zinapovuka

Ugwe sasa una tepe tatu za taa aina ya WS2812B, zenye taa 60 kwa mita, kwa hiyo taa 27 kwa kila utepe. Mguu una mita moja, yaani taa 60. Ubongo na shina lake vina taa 19. Jumla 160.

Utepe wa kijani, nyuma kulia, ni wa mguso makini na hisia ya mkao wa kiungo. Nyuzi hizi hazina kituo popote ndani ya ugwe: seli moja, ambayo mwili wake uko kwenye fundo la neva nje ya ugwe, ina uzi unaotoka kidole cha mguu hadi medula, chini kabisa ya ubongo. Hapo ndipo inapokabidhi ishara kwa seli ya pili, na hiyo ya pili ndiyo inayovuka kwenda kushoto.

Utepe wa njano, mbele kushoto, ni wa maumivu na joto. Huu unavuka mapema: ishara ikiingia kwenye ugwe hubadilisha seli papo hapo, inavuka kwenda upande wa pili ndani ya sehemu moja au mbili za ugwe, kisha inapanda.

Utepe mwekundu ni wa amri. Unatoka nusu ya kushoto ya ubongo, asilimia 80 hadi 90 ya nyuzi zake zinavuka kwenye medula, unashuka ubavu wa kulia wa ugwe.

Ukiangalia kwa makini utaona mguso na maumivu ya mguu uleule vinapanda pande mbili tofauti za ugwe. Tumetumia muda mrefu hapa kuliko popote kwa sababu uchunguzi mwingi wa majeraha ya ugwe umejengwa juu ya jambo hili moja.

Upande wa umeme: rezista ya omu 330 kwenye waya wa data, kapasita ya mikrofaradi 1,000 kati ya chanya na hasi, mwangaza umeshushwa hadi 40 kati ya 255. Taa zote zikiwaka nyeupe kwa nguvu yote zingehitaji ampea 9.6, nasi hatuwashi zaidi ya kumi kwa pamoja. Utepe mmoja ulikataa kuwaka kabisa kwa kuwa ulikuwa umelehemiwa kinyume. Mshale uliochapwa kwenye utepe lazima uelekee data inakokwenda.

Siku ya 11: mwendo wa ishara

Ishara halisi hatuwezi kuiona. Mwaka 1850 mwanasayansi Mjerumani Helmholtz aliupima mwendo wake kwenye neva ya chura akapata takriban mita 27 kwa sekunde, na kabla ya hapo wengi waliamini haupimiki. Kwa binadamu nyuzi nene zenye ala ya miyelini (tabaka la mafuta linalouzungushia uzi wa neva) hupeleka mita 80 hadi 120 kwa sekunde, na nyuzi nyembamba zisizo na miyelini mita 0.5 hadi 2.

Tulijaribu kwanza kupunguza mwendo mara 100. Maumivu mazito ya polepole yalichukua sekunde 100 kupanda mguu, muda ambao hakuna mwanafunzi atakayeuvumilia. Tumekaa kwenye mara 20, kwa mita 1 ya mguu:

- mguso, mita 50 kwa sekunde: milisekunde 20 halisi, sekunde 0.4 kwenye kielelezo
- maumivu makali ya mwanzo, mita 15 kwa sekunde: milisekunde 67, sekunde 1.3
- maumivu mazito yanayofuata, mita 1 kwa sekunde: sekunde 1, sekunde 20 kwenye kielelezo

Ndiyo maana ukijigonga kidole unajua umekigonga, kisha unahisi mchomo, na ule uchungu wenyewe unakuja nyuma yao.

Kulikuwa na makosa mawili ya programu. La kwanza: tulitumia amri ya kusubiri, na bodi (kompyuta ndogo inayoongoza taa) ikiwa inasubiri haifanyi kingine, kwa hiyo ishara mbili hazikuweza kwenda pamoja. Sasa kila ishara ina saa yake ya kuanzia, na mahali pa taa hukokotolewa kutokana na muda uliopita. La pili lilitusumbua zaidi: zile sekunde 20 zilitoka karibu 23. Kutuma data kwa taa 160 huchukua takriban milisekunde 4.8, na muda huo wote bodi yetu, aina ya Arduino Uno, huzima vikatizo vyake (ishara za ndani zinazoisimamisha kidogo ili ifanye kazi nyingine, kama kuhesabu saa), hivyo saa ya ndani hupoteza milisekunde 3 hadi 4 kila inapotuma. Tunatuma kila baada ya milisekunde 25, hasara inajilimbikiza. Dawa: kila baada ya kutuma tunaongeza kwenye hesabu ule muda uliopotea. Vipimo vya saa ya mkononi sasa vinakubaliana na hesabu.

Siku ya 14: goti linatetemeka lenyewe

Goti limefungwa: kipande cha piezo chini ya kifuniko cha goti kama kihisi cha nyundo, rezista ya megaomu 1 kati ya miguu yake miwili, na mota ndogo ya servo inayoinua muundi wa mbao laini. Vyote kwenye bodi ileile ya ubongoni, kwa mujibu wa mchoro wa siku ya 1.

Taa zikianza kupita, muundi unatetemeka. Sababu ni ileile ya siku ya 11. Servo inangoja mapigo ya umeme yenye urefu sahihi, na vikatizo vikizimwa ili kutuma data, mapigo yanaharibika. Bodi moja haiwezi kuongoza taa 160 na msuli kwa wakati mmoja bila kimojawapo kuumia.

Tulifikiria kuizima servo wakati taa zinapita, lakini hapo mguu ungelegea kila mara ubongo unapopokea habari. Njia nzuri ilikuwa kuweka bodi ya pili ndogo kwenye kiuno cha ugwe yenye kazi moja: isikie nyundo, ipige teke. Haiulizi ubongo.

Hapo mchoro wa kwanza ulikufa, na ilistahili ufe, kwa kuwa mwili wenyewe umepangwa hivi. Nyundo ikigonga kano iliyo chini ya kifuniko cha goti, msuli wa mbele ya paja huvutwa. Kihisi cha mvuto ndani ya msuli hutuma ishara kwa uzi mnene, huingia ugwe kwa mzizi wa nyuma, na uzi huo hugusa moja kwa moja seli inayoendesha msuli uleule. Kiungio kati ya seli na seli ni kimoja tu. Amri hutoka kwa mzizi wa mbele. Kutoka nyundo hadi umeme kuonekana kwenye msuli ni takriban milisekunde 20, na ubongo hupata habari teke likiwa limekwisha kuamriwa. Madaktari Wajerumani Erb na Westphal walieleza mwitiko huu, kila mmoja kwa upande wake, mwaka 1875. Kwamba mzizi wa nyuma huingiza hisia na wa mbele hutoa mwendo kulijulikana tangu kazi za Bell na Magendie, 1811 na 1822.

Tawi la pili la uzi uleule huenda kwa seli ndogo ya kati inayozuia msuli wa nyuma ya paja. Bila kizuizi hicho misuli miwili ingevutana. Tumeonyesha kizuizi kwa taa ya bluu, nayo ndiyo taa yenye thamani kubwa kwenye kielelezo chote, kwa sababu wanafunzi hudhani mfumo wa neva ni wa kuamrisha tu. Nusu ya kazi yake ni kukataza.

Hitilafu iliyofuata: servo ikiinua muundi, mtikisiko unaifikia piezo, piezo inadhani imegongwa tena, teke linarudiwa bila kukoma. Bodi sasa inapuuza kihisi kwa sekunde 1 baada ya kila teke. Mtetemo wa aina hiyo upo kwa wagonjwa ambao njia zao za kushuka kutoka ubongoni zimeharibika: mguu ukikunjwa ghafla kifundoni, hurukaruka mara 5 hadi 8 kwa sekunde, kila mvuto ukiamsha mwingine.

Siku ya 17: waya wa kuzuia

Kama goti linajitegemea, ubongo unafanya nini kwake? Unarekebisha kiasi. Tumevuta waya mmoja kutoka bodi ya ubongo hadi bodi ya kiuno. Ukiwa na volti 5, teke ni la pembe ya nyuzi 20. Ukiwa na volti 0, teke ni la pembe ya nyuzi 50. Mtu akiunganisha vidole vyake na kuvivuta kwa nguvu wakati nyundo inagonga, teke huwa kubwa. Kwenye kielelezo kitufe chenye alama ya mikono kinashusha volti na kutoa tokeo hilo.

Tulipoukata waya kwa mara ya kwanza, mguu ulipiga mateke ya ukubwa wowote ule, mengine nyuzi 20, mengine 50. Pini isiyounganishwa na kitu hunasa umeme wa hewani. Rezista ya kiloomu 10 kutoka pini hiyo kwenda hasi imemaliza tatizo: waya ukikatika pini husoma 0, na teke huwa kubwa kila mara. Pia hasi za bodi mbili lazima ziunganishwe kwa waya wake peke yake usiopita kwenye swichi ya kukata. Tuliusahau, na bodi ya kiuno ikawa inasoma volti za ajabu.

Siku ya 20: kukata ugwe

Swichi ni nne: moja juu ya sehemu ya tatu ya shingo, na kwenye sehemu ya kumi ya kifua tatu, yaani nusu ya kulia, nusu ya kushoto na ugwe mzima.

Tulianza kwa kukata kweli waya wa data wa tepe. Matokeo yalikuwa ya uongo: taa hizi zikikosa data hubaki na rangi ya mwisho, hivyo ishara ilionekana imegandamana juu ya jeraha. Sasa swichi inasomwa na programu, na programu inazima taa za mbele ya jeraha. Waya wa kuzuia pekee ndio unaokatwa kwa mkono.

Kulia kukikatwa, mguu wa kulia haupokei amri, mguso makini na hisia ya mkao havifiki, lakini maumivu yake yanapanda bila shida upande wa kushoto. Kushoto kukikatwa, mguu huohuo unatembea na kuhisi mguso, ila mchomo wa sindano haufiki. Picha hii ya nusu ya ugwe inaitwa kwa jina la Brown-Séquard, aliyeichunguza katikati ya karne ya 19.

Ugwe mzima ukikatwa, goti lilipiga teke kubwa mara moja, na hapo kielelezo kilikosea. Baada ya jeraha la ghafla refleksi (miitiko isiyongoja ubongo, kama teke la goti) zilizo chini yake hunyamaza kwanza. Misuli hulegea, na goti haliitiki. Mwitiko hurudi taratibu katika siku na wiki zinazofuata, kisha unazidi kipimo. Anayejua teke kubwa tu anaweza kumpima majeruhi wa saa moja, akaona mguu uliolegea, akafikiri ugwe ni mzima na tatizo ni la neva za mguu. Tumeongeza kitufe cha hatua mbili: "jeraha jipya" huzima teke, "wiki kadhaa baadaye" hutoa nyuzi 50.

Swichi ya shingo tumeiunganisha na kifuko cha hewa kinachojazwa na pampu ndogo, mahali pa kiwambo cha kupumulia. Neva ya kiwambo hutoka sehemu ya tatu, ya nne na ya tano za shingo. Ukikata juu ya hapo pampu inasimama, ingawa ugwe wote wa chini ni mzima na goti bado linaweza kuitika. Pumzi inaanzishwa na shina la ubongo, na bodi ya kiuno haina uwezo wa kuianzisha.

Yanayoendelea

Refleksi ya kuondoa mguu kwenye mwiba bado haijafungwa. Inahitaji mguu wa pili, kwa sababu mguu uliochomwa ukikunjwa ule mwingine lazima unyooke ubebe uzito, na seli za kuvusha ishara hiyo zimo ndani ya ugwe. Ubongo mdogo nao una taa moja tu, na tumeiweka nusu ya kulia: tofauti na ukanda wa mwendo, nusu ya ubongo mdogo huratibu upande wake yenyewe wa mwili. Kibandiko cha kueleza hilo kimeandikwa, lakini gundi yake haishiki kwenye plasta iliyopakwa rangi ya mafuta, kwa hiyo plasta itakwanguliwa pale kabla ya kubandika upya.